Injini ya rota iliyopoteza mgandamizo: kuitambua hitilafu kabla ya kuifungua

Mwenye gari la injini ya rota hapa Mombasa mara nyingi huligundua tatizo hili akiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Asubuhi gari liliwaka nyumbani bila shida, likafika foleni injini ikiwa imeshapata joto kamili, mwenyewe akalizima ili asiunguze petroli bure, na foleni iliposogea stata ikazunguka na kuzunguka bila injini kushika. Gari la gia za mkono likisukumwa na vijana wawili watatu linashika papo hapo na kwenda kana kwamba halina neno. Kuwaka likiwa baridi, kukataa likiwa moto na kukubali likisukumwa ndiyo dalili inayojulikana kuliko zote ya mgandamizo mdogo, yaani injini kushindwa kuibana gesi vizuri kabla ya kuiwasha, jambo ambalo mafundi wetu hulieleza kwa kusema kompresheni imeanguka.

Hata hivyo dalili si hukumu. Nimeona injini zilizofunguliwa bure kwa sababu ya waya wa betri ulioliwa na chumvi, na nimeona nyingine zilizosifiwa kuwa nzima kwa sababu zilipimwa kwa geji ya injini za pistoni ambayo kwa umbile lake haiwezi kuonyesha ubovu wa rota. Mwongozo huu unafuata njia moja: kuondoa kwanza yale yanayofanana na mgandamizo mdogo, kupima kwa usahihi, kuzisoma namba, na baada ya hapo tu kuamua kama spana ziguse mwili wa injini. Mifano mingi imetoka kwa Mazda RX-8 na injini yake ya Renesis, kwa kuwa ndiyo inayoonekana zaidi barabarani, lakini kanuni zenyewe zinafaa pia kwa injini za 13B za RX-7. RX-8 iliacha kutengenezwa mwaka 2012, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyotumika yanayozidi umri wa miaka 8, hakuna nyingine zitakazoshushwa Kilindini kwa njia ya kawaida. Kila injini iliyopo inastahili kupimwa vizuri kabla haijaitwa mfu.

Kwa nini injini hii hukataa ikiwa moto

Ndani ya kila chemba yenye umbo linalokaribiana na namba nane kuna rota ya pembe tatu, na kila rota ina nyuso tatu zinazofanya kazi ya pistoni. Injini ya rota mbili kwa hiyo ina nyuso sita, na kila uso una mgandamizo wake. Kinachozuia gesi isivuje kutoka uso mmoja hadi mwingine ni sili za ncha, ambazo hukaa kwenye pembe tatu za rota na kusugua ukuta wa chemba. Sili za ubavuni, ambazo husugua bamba za chuma zilizo kila upande. Na sili ndogo za kona, ambazo huunganisha hizo mbili. Zote husukumwa nje na springi, na zote huhitaji utando mwembamba wa oili ili zizibe sawasawa.

Injini ikiwa baridi oili ni nzito na utando ni mnene, kwa hiyo hata sili zilizochakaa huziba kiasi cha kutosha kuwasha. Ikipata joto oili huwa nyepesi, gesi hupenya, na stata inayozunguka polepole huipa gesi hiyo muda wa kutoroka. Kusukuma gari husaidia kwa sababu injini huzunguka kwa kasi kuliko inavyozungushwa na stata, na muda wa kuvuja hupungua. Ukilishika jambo hili moja, mengi yatakayofuata utayaelewa bila kuelezwa: kasi ya kuzunguka ni sehemu ya kipimo, na namba isiyotajwa pamoja na kasi yake haina maana.

Dalili nyingine ni mngurumo usio sawa gari likiwa limesimama, nguvu kupungua hasa kwenye kasi ya chini, petroli kuliwa kupita desturi, na injini kujaa petroli mara kwa mara. Sikio nalo lina kazi yake. Fundi akizungusha stata huku petroli na moto vimekatwa, injini nzima hutoa pumzi zinazofuatana kwa usawa, moja baada ya nyingine bila kupumzika. Palipo na sili ya ncha iliyovunjika utasikia pumzi, kisha pengo, kisha pumzi, kwa mpangilio unaojirudia. Sauti hiyo haitoshi kuwa ushahidi, ila anayeisikia ana sababu ya kuharakisha kipimo.

Yanayofanana na mgandamizo mdogo

La kwanza ni koili, zinazotoa umeme wa cheche, na plagi. Renesis ina koili nne na plagi nne, mbili kwa kila rota, na koili zake zinajulikana kwa udhaifu. Moja ikichoka, injini hutetema, hupoteza nguvu na huwaka kwa taabu, dalili zile zile ambazo mtu angezisingizia sili. Zaidi ya hapo, petroli isiyoungua huingia kwenye kataliti, kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi, na kuungulia humo, kataliti huyeyuka na kuziba, na ekzosi iliyoziba huinyima injini pumzi, hasa inapotakiwa kuzunguka kwa kasi. Kataliti inayong'aa wekundu usiku baada ya mwendo mfupi ni ishara ya hatari. Unapobadilisha plagi, kumbuka kwamba za chini na za juu hazilingani: NGK huziuza kwa alama RE7C-L kwa plagi za chini, zinazotangulia, na RE9B-T kwa za juu, zinazofuatia. Kuzichanganya ni kosa linaloonekana dogo lakini huiumiza injini.

La pili ni injini iliyojaa petroli. Gari likiwashwa baridi, likasogezwa mita chache kutoka kivulini na kuzimwa, petroli nyingi iliyomiminwa kwa ajili ya kuwashia hubaki chembani na kuosha utando wa oili. Mgandamizo huanguka kweli, lakini sili hazina kosa. Dawa yake ni kukanyaga aksileta hadi mwisho huku stata ikizungushwa kwa sekunde 10 hivi, kwani kompyuta ya RX-8 ikiona aksileta imekanyagwa hivyo wakati wa kuwasha hukata petroli. Ikishindikana, plagi hutolewa na kukaushwa, mabaki ya petroli yakapulizwa nje kwa kuzungusha stata, mililita chache za oili zikatiwa kwenye kila chemba kupitia tundu la plagi, na injini ikawashwa upya. Moshi mzito utatoka kwa dakika kadhaa, usikutie hofu.

La tatu, na kwetu pwani pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni stata dhaifu na waya mbovu. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula vichwa vya waya wa betri na hasa waya wa athi unaofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Kwa macho waya unaonekana umekaza, lakini chini ya ganda la plastiki nyuzi za shaba zimegeuka kijani. Chukua mita, weka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mwenzako azungushe stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Betri yenyewe isishuke chini ya volti 9.6 wakati stata inavuta. Stata za RX-8 za mwanzo zilikuwa dhaifu, na Mazda baadaye ilitoa zenye nguvu zaidi. Gari ambalo bado lina ile ya zamani linaweza kukataa kuwaka likiwa moto ilhali mgandamizo wake ungali ndani ya kiwango.

Linalobaki ni maji kuingia chembani. Kati ya bamba za chuma na mwili wa alumini kuna mpira unaozuia maji ya rejeta. Ukiungua, maji hupungua bila kuonekana yanapovujia, moshi mweupe wenye harufu ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, hutoka asubuhi, na mapovu huonekana kwenye tangi la maji injini ikiwaka. Mgandamizo unaweza kusomeka vizuri kabisa kwenye injini ya namna hiyo, kwa hiyo mfumo wa maji hupimwa peke yake, kwa pampu ya shinikizo, wala geji ya kompresheni haitakuambia lolote.

Kupima

Chombo bora ni kile kilichotengenezwa kwa injini za rota, ambacho huandika namba tatu za nyuso za kila rota pamoja na kasi ya kuzunguka. Vyombo hivyo ni adimu. Geji ya pistoni inaweza kutumika, lakini lazima ifahamike inavyofanya kazi. Ndani yake mna valvu ndogo inayofungia shinikizo la juu kabisa ili fundi alisome kwa nafasi. Kwenye silinda ya pistoni hilo ni jambo jema. Kwenye rota, geji hiyo hushika uso ulio bora kuliko wenzake na kuwaficha wawili waliobaki, na hivyo ndivyo rota yenye sili iliyovunjika inavyoweza kutangazwa nzima mbele ya mwenye gari na mnunuzi wake. Katika gereji nyingi upimaji huishia hapo, na sijui kosa lililowagharimu wenye magari haya zaidi ya hilo.

Injini ipashwe joto hadi feni ianze kuzunguka, kisha izimwe. Betri iunganishwe na chaja. Petroli na moto vikatwe: kwenye Renesis, kuchomoa soketi ya sensa inayosoma mzunguko wa shafti kuu huzima vyote viwili kwa pamoja, na bado ni vyema kuchomoa soketi za koili. Plagi moja itolewe kwenye rota inayopimwa, na ya pili ibaki imekazwa mahali pake. Plagi za RX-8 zipo upande wa kushoto wa injini, na kulitoa gurudumu la mbele la upande huo huokoa muda na ngozi ya vidole.

Hatua ya kwanza, geji ifungwe ikiwa na valvu yake, aksileta ikanyagwe hadi mwisho, na stata izungushwe kwa sekunde tano hadi kumi. Andika namba iliyoshikwa. Huo ndio uso bora wa rota hiyo. Hatua ya pili, geji iachiliwe kwa kubonyeza kitufe cha kutolea hewa na kukishikilia, au valvu ing'olewe, kisha stata izungushwe tena. Sasa mshale utarukaruka, na kila mruko ni uso mmoja. Namba zitakuwa chini ya zile za kweli kwa sababu mshale hauna muda wa kufika, kwa hiyo usizitumie kama kipimo. Zitumie kulinganisha nyuso tatu. Simu inayopiga video ya mwendo wa polepole ni msaada mkubwa hapa, kwani jicho peke yake hudanganyika.

Video hiyo hiyo inakupa kasi. Kila rota hukamilisha mgandamizo mmoja kwa kila mzunguko wa shafti kuu, kwa hiyo idadi ya miruko ya mshale kwa dakika ndiyo kasi ya injini. Miruko 21 katika sekunde tano ni takriban mizunguko 250 kwa dakika, na hiyo ndiyo kasi ambayo viwango vya Mazda vimeandikiwa. Ukihesabu 16 au 17, stata yako inazunguka kwa 200 tu, na namba ndogo utakayoipata ni ya stata kabla ya kuwa ya sili.

Kuzisoma namba

Kwa Renesis, kiwango cha injini nzima ni kPa 830, yaani psi 120, kwa mizunguko 250. Kiwango cha chini kinachokubalika ni kPa 680, karibu psi 99. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kPa 150, na tofauti kati ya rota mbili isizidi kPa 100. Namba hizi husomwa pamoja: rota yenye 800, 790 na 640 imeanguka mtihani kwa njia mbili, ingawa wastani wake unapendeza.

Mpangilio wa namba husema mengi kuliko ukubwa wake. Sili moja ya ncha hutenganisha nyuso mbili, kwa hiyo ikivunjika nyuso mbili za jirani huanguka pamoja na ya tatu hubaki na afya. Sili ya ubavuni ni ya uso mmoja, na ikikwama au kuchakaa huangusha uso huo peke yake. Nyuso tatu za rota moja zikishuka kwa usawa huku rota ya pili ikiwa nzima, shuku ukuta wa chemba, bamba za ubavuni au oili isiyofika kwenye rota hiyo. Nyuso zote sita zikiwa chini kwa usawa, rudi kwanza kwenye stata, betri, aksileta ambayo haikukanyagwa na petroli iliyoosha chemba. Yakiondolewa hayo ndipo uchakavu wa jumla utajwe.

Palipo na shaka, tia mililita kumi hivi za oili chembani, zungusha stata mara chache, upime tena. Namba zikipanda sana, kinachokosekana ni mzibo wa sili; zisipopanda kabisa, huenda kuna kipande kilichovunjika. Namba zilizopanda kwa oili lakini zisiandikwe kwenye karatasi ya kuuzia gari. Huo ni udanganyifu, na mnunuzi ataujua kabla hajafika Mtwapa.

Gari lililopimwa Nairobi

Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo namba zetu husomwa kama zilivyoandikwa. Nairobi iko juu kwa mita 1,700 na zaidi, hewa yake ni nyepesi, na shinikizo la hewa huko ni karibu kPa 82 badala ya 101. Injini hiyo hiyo, kwa stata hiyo hiyo, itasoma pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano. Injini iliyosoma 600 Nairobi ingesoma karibu 740 ikishuka Mombasa, na kwa hiyo ni nzima. Wapo waliouziwa injini nzima kwa bei ya mbovu kwa sababu ya tofauti hii, na hiyo ni hasara ya muuzaji. Anayenunua gari bara na alipime tena akifika huku, injini ikiwa moto, bila kusahau kuandika kasi.

Sababu, na jinsi joto la pwani linavyoziongeza

Injini hii hunywa oili kwa makusudi ya walioibuni. Pampu ndogo huchukua oili kutoka kwenye karta, tangi la oili chini ya injini, na kuinyunyiza chembani ili kulainisha sili. Mwenye gari aliyezoea injini za pistoni, ambaye hupima oili siku ya sevisi tu, siku moja hukuta kijiti kikavu. Kipimo kiangaliwe kila mara ya pili unapojaza petroli, na ikiwezekana kila mara. Mirija midogo ya kunyunyizia huziba kwa masizi, na pampu ikiharibika hakuna sauti itakayokuonya. Renesis za mwanzo zina nozeli mbili za oili kwa kila rota. Zilizotoka mwaka 2009 na kuendelea zina tatu, na hilo peke yake linaonyesha kwamba waliozitengeneza waliona ulainishaji wa awali haukutosha. Wenye magari wengi huongeza oili ya pikipiki za tustroki ndani ya petroli, kiasi cha mililita 4 hadi 8 kwa kila lita. Mimi nakubaliana nao, mradi oili iwe ya kuungua bila majivu mengi na ichanganywe kwa kipimo badala ya kukadiriwa kwa macho.

Sababu ya pili ni joto, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa Mombasa haisamehe. Mwili wa injini umepangwa kwa tabaka za alumini na chuma zilizobanwa pamoja kwa bolti ndefu, na metali hizi mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja. Joto likizidi, tabaka hupinda, mipira ya maji huungua, na springi za sili hupoteza nguvu zake za kusukuma. Injini ya pistoni inaweza kuchemka mara moja na kuponea gasketi ya silinda. Injini ya rota iliyochemka mara moja ihesabiwe mgonjwa hadi itakapopimwa. Mshale wa joto wa RX-8 haufai kutegemewa, kwani hukaa katikati kwa muda mrefu hata joto linapopanda na huinuka wakati madhara yameshafanyika. Kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, kitakuonyesha nyuzi zenyewe, na kwenye foleni ya Makupa au ya daraja la Nyali saa ya jioni nyuzi hizo zinafaa kutazamwa.

Mambo mawili ya desturi zetu huongeza madhara. La kwanza ni kutia maji ya kisima kwenye rejeta. Maji ya visima vingi vya kisiwani na Kisauni yana chumvi, nayo hula alumini na kuacha ukoko ndani ya njia za maji. Tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. La pili ni kung'oa thamostati kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Kwenye injini nyingi za 13B thamostati ikifunguka ndiyo pia huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari huchemka kwa sababu ya dawa ile ile iliyokusudiwa kulipoza. Fundi akikushauri hivyo, mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie.

Sababu ya tatu ni masizi. Gari linaloendeshwa kutoka Tudor hadi mjini na kurudi, halipati joto kamili wala kasi, hujaza masizi kwenye mifereji ya sili. Sili iliyoganda ndani ya mfereji wake haiwezi kusukumwa nje na springi, na uso wake husoma chini ingawa haijachakaa hata kidogo. Hii ndiyo sababu inayotibika kwa urahisi kuliko zote, na ndiyo inayofanya niseme kwamba kipimo kimoja kibaya hakitoshi kufungulia injini.

Kwa RX-7 zenye turbo, adui mwingine ni petroli kulipuka kabla ya wakati wake kwa sababu ya okteni ndogo, mchanganyiko mkavu, yaani wenye petroli kidogo, au shinikizo la turbo lililopandishwa bila marekebisho ya petroli. Mlipuko huo huvunja sili ya ncha kwa mara moja, na kipande kilichokatika hutoka kupitia ekzosi na kuiharibu turbo pia.

Tiba bila kuifungua

Anza na umeme: waya mpya wa athi, betri yenye nguvu ya kutosha, stata ya toleo la baadaye, koili na plagi mpya. Baada ya hapo pima tena. Niliwahi kuletewa RX-8 ambayo mwenyewe alishaambiwa atafute injini nyingine. Kwa stata mpya na waya wa athi uliokatwa na kufungwa upya, kasi ilipanda kutoka mizunguko 190 hadi zaidi ya 260, na nyuso zote sita zikasimama juu ya 700.

Masizi husafishwa kwa dawa ya kuondolea masizi inayonyunyizwa kwenye njia ya hewa, au kwa maji safi yanayoingizwa kidogo kidogo kupitia mrija mwembamba wa vakyumu, injini ikiwa na joto kamili na ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 hivi. Maji hugeuka mvuke na kubandua masizi. Yaingie kama ukungu. Yakiingia kwa mkupuo yanaweza kuipinda injini, kwa kuwa maji hayagandamiziki. Maliza kwa safari ndefu. Barabara ya kwenda Malindi, asubuhi na mapema, inakufaa: injini ikishapata joto, ipandishwe kwa gia za chini mara kadhaa hadi karibu na mstari mwekundu, kwa kufuata sheria ya mwendo. Injini hii ilikusudiwa kuzunguka, na inayobembelezwa kila siku huziba. Pima baada ya kilomita mia kadhaa. Uso uliokuwa umeganda ukipanda kwa kPa 50 au zaidi, rudia; usipotikisika baada ya mara mbili, masizi hayakuwa sababu.

Pale inapobidi kufunguliwa

Nyuso mbili za jirani zilizoanguka kabisa, rota nzima iliyo chini ya 600 kwa kasi sahihi, au maji yanayoingia chembani: haya hayana dawa ya kumimina. Injini ifunguliwe na mtu aliyewahi kufungua ya rota, mezani, mahali pasipo vumbi, na kila sili iwekwe kwenye mfuko wenye jina la mahali ilipotoka.

Mwenye gari anapaswa kufahamu tangu mwanzo kwamba ukuta wa chemba hauchongwi na kutiwa slivu (ganda jipya la chuma) kama silinda ya pistoni. Uso wake umepakwa kromu, na kromu ikishabanduka, hasa karibu na matundu ya plagi, mwili huo hununuliwa mwingine. Bamba za ubavuni zipimwe kwa rula iliyonyooka na geji ya majani, vijibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa 13B mpindo usizidi milimita 0.04. Nafasi kati ya sili ya ubavuni na sili ya kona huwekwa kwa kupiga tupa sili mpya, moja moja, na hapo ndipo fundi mvumilivu hutofautiana na mwenye haraka, kwani kila sehemu ya kumi ya milimita iliyozidi ni uvujaji utakaosomeka kwenye geji. Springi zote na mipira yote iwe mipya. Anayependekeza kurudisha mipira ya zamani kwa kuipaka silikoni asiruhusiwe kuendelea.

Kabla ya kufunga, tafuteni kilichoiua injini ya kwanza. Pampu ya oili ijaribiwe, nozeli zipulizwe, rejeta ioshwe au ibadilishwe, kataliti ichunguzwe, koili ziwe mpya. Injini iliyofungwa upya hupewa muda wa sili kukaa: wajenzi wengi hushauri isizidi mizunguko 4,000 kwa kilomita elfu moja za mwanzo, oili ibadilishwe mapema, na mgandamizo upimwe mwishoni mwa kipindi hicho badala ya siku ya kwanza, kwa sababu namba za siku ya kwanza huwa chini. Zile namba sita, pamoja na kasi, tarehe, kilomita na mahali zilipopimwa, ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya gari pamoja na kitabu chake, ili kipimo cha mwakani kiwe na cha kulinganishwa nacho.